KOMPYUTA ILIYOZIMIKA IKISASISHWA: NAMNA YA KUIREJESHA BAYOSI YAKE



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mwenye kuwapa waja wake elimu na akili ya kuitumia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wanafunzi wetu na wazazi wetu, somo letu linahusu kifaa ambacho siku hizi kimo katika ofisi za madrasa nyingi na katika majumba yetu, nacho ni kompyuta. Ndani yake tunaweka matokeo ya mitihani, orodha za mayatima na wafadhili wao, hesabu za michango, na sauti za darsa za masheikh wetu, ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Vitu hivi ni amana za watu, na vingine vikipotea havipatikani tena.

Sasa, hutokea kompyuta inasasishwa bayosi, umeme ukakatika katikati ya kazi. Umeme unaporudi, kitufe kinabonyezwa, feni inazunguka, lakini kioo kinabaki cheusi. Hapo watu hufanya moja kati ya makosa mawili. Wengine huitupa stoo wakisema imekufa. Wengine humpa mtu wa kwanza anayejiita fundi, naye asipojua ugonjwa, huishia kuifuta diski na kupakia kila kitu upya. Makosa yote mawili hupoteza amana ambayo ilikuwa salama.

Tunataka msomaji akimaliza somo hili awe na yakini ya mambo mawili. La kwanza, kompyuta iliyoharibika bayosi kwa kawaida haijafa, bali ina njia ya kurudi. La pili, kumbukumbu zako hazimo katika kile kilichoharibika.

BAYOSI NI NINI?

Tumfikirie mtu anayekuja madrasa kabla ya wote. Anafungua mlango, anawasha taa, anatazama kama mikeka na mbao ziko mahali pake, kisha mwalimu akifika anamkabidhi darasa na yeye anakaa pembeni. Mtu huyo asipokuja, mwalimu na wanafunzi wote watasimama nje, ingawa hakuna hata mmoja wao aliye mgonjwa.

Bayosi ndiyo mtu huyo. Ni programu ndogo iliyoandikwa katika chipu juu ya ubao mkuu wa kompyuta. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, bayosi ndiyo inayoamka kwanza. Inakagua prosesa, memori, kibodi na diski, kisha inaikabidhi kazi Windows au Linux iliyomo ndani ya diski.

Jina hilo lilianza katika miaka ya 1970, katika mfumo wa CP/M uliotungwa na Mmarekani Gary Kildall. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC mwaka 1981, bayosi yake ilikuwa ya kilobaiti 8 tu, nayo ilikuwa katika chipu isiyoweza kuandikwa upya. Aliyetaka kuibadilisha alilazimika kubadilisha chipu yenyewe. Katika miaka ya 1990 zilienea chipu za flashi ambazo zinafutika na kuandikwa tena hapo hapo kwenye kompyuta. Kuanzia mwaka 2005 makampuni yalikubaliana juu ya utaratibu mpya unaoitwa UEFI, ndio uliomo katika kompyuta za siku hizi. Chipu yake mara nyingi ni ya megabaiti 16 au 32. Hata hivyo mafundi bado wanaiita bayosi, na sisi tutaiita hivyo.

Mwanafunzi atenganishe vitu vitatu, kwani anayevichanganya hukosea dawa:

1. Bayosi yenyewe, yaani programu iliyomo katika chipu. Hii haihitaji betri ili ibakie.

2. Mipangilio ya bayosi, kama vile saa, tarehe na diski ipi ianze. Katika kompyuta nyingi za mezani hii hutunzwa kwa msaada wa betri ndogo ya duara ya volti 3, aina ya CR2032.

3. Kumbukumbu zako, yaani barua, hesabu, picha na sauti. Hizi zimo katika diski, na diski ni kitu kingine kabisa.

KWA NINI HUSASISHWA, NA KWA NINI HUKWAMA?

Bayosi husasishwa kwa sababu za msingi. Huenda kompyuta inataka kuwekewa prosesa mpya isiyojulikana na bayosi ya zamani, au pamegunduliwa kasoro ya usalama. Kwa mfano, mwezi wa Januari 2018 zilitangazwa kasoro za prosesa zilizopewa majina ya Spectre na Meltdown, na watengenezaji wengi wakatoa bayosi mpya kwa ajili ya kuziba sehemu ya mwanya huo. Kwa hiyo kusasisha si jambo baya. Ubaya uko katika kusasisha bila ya maandalizi.

Chipu ya flashi haiandikwi juu ya maandishi ya zamani kama tunavyoandika kwa kalamu juu ya karatasi. Ni kama ubao wa chuo: kwanza unafutwa sehemu, kisha sehemu ile inaandikwa upya. Kwa hiyo kuna dakika ambazo bayosi ya zamani imeshafutwa na mpya haijatimia. Kompyuta ikizimika katika dakika hizo, chipu inabaki na maandishi nusu, na kompyuta haijui ianze wapi.

Sababu za kukwama ni hizi:

(a) Umeme kukatika, au betri ya kompyuta ya mkononi kuisha.

(b) Kutumia faili la modeli nyingine. Kompyuta mbili zinaweza kufanana kwa sura na jina, zikatofautiana ubao wa ndani.

(c) Mtu kukosa subira. Anaona kioo kimetulia, anadhani imekwama, anaizima kwa nguvu.

(d) Kirusi. Mwaka 1998 kijana wa Taiwan aitwaye Chen Ing-hau, aliyekuwa mwanafunzi, alitunga kirusi kilichojulikana kama CIH. Tarehe 26 Aprili 1999 kiliamka katika kompyuta nyingi zenye Windows 95 na 98 katika nchi mbalimbali. Kilivuruga mwanzo wa diski, na katika baadhi ya kompyuta kiliharibu hata bayosi. Tunalitaja tukio hili ili vijana wetu wazingatie kwamba elimu isiyoongozwa na khofu ya Allah (s.w.) inaweza kuwadhuru watu ambao hujawahi hata kuwaona.

DALILI ZAKE

Dalili kubwa ni kwamba kompyuta ilikuwa nzima, ikasasishwa bayosi, na tangu hapo haileti picha. Taa inawaka, feni inazunguka, pengine inazima na kuwaka yenyewe mara kwa mara, au inatoa milio.

Lakini si kila kioo cheusi ni bayosi. Ikiwa kompyuta haikusasishwa, anza kutazama mambo mepesi: waya wa kioo, waya wa umeme, na memori ambayo pengine imelegea au imeingia vumbi. Tabibu mwema huuliza kabla ya kutoa dawa. Nawe uliza: mara ya mwisho ilipokuwa nzima, ilifanywa nini?

NJIA ZA KUIREJESHA

Kanuni yetu ni kuanza na njia nyepesi isiyo na madhara, kisha kupanda daraja kwa daraja. Asiruke mtu daraja la kwanza akaenda la mwisho.

Daraja la kwanza: subira. Kompyuta nyingi za kisasa, hasa za mkononi, hujizima na kujiwasha mara kadhaa wakati wa kusasisha, na kioo huwa cheusi kwa dakika kadhaa. Nyingine huhisi kwamba bayosi imeharibika zikaanza kujirejesha zenyewe. Iache kwenye umeme kwa muda wa nusu saa bila kuigusa.

Daraja la pili: kufuta mipangilio. Chomoa waya wa umeme. Kwa kompyuta ya mezani, fungua ubavu wake, gusa chuma cha boksi ili umemetuli uliomo mwilini mwako utoke, kisha toa ile betri ya duara kwa dakika chache na uirudishe. Njia hii haiandiki bayosi upya. Inafuta mipangilio tu. Lakini ikiwa tatizo lilikuwa mipangilio ya zamani kutopatana na bayosi mpya, kompyuta itawaka, na utakuwa umeokoa gharama.

Daraja la tatu: mlango wa dharura. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui. Waliotengeneza bayosi walijua kwamba siku moja kazi itakatika katikati. Kwa hiyo katika kompyuta nyingi waliacha sehemu ndogo ya chipu ambayo haiguswi wakati wa kusasisha. Sehemu hiyo ina kazi moja: ikikuta bayosi imeharibika, itafute faili zima katika diski ya nje na kuliandika upya.

Zamani faili hilo lilitafutwa katika disketi. Bayosi za AMI, kwa mfano, zilitaka faili lipewe jina AMIBOOT.ROM, na mtu ashikilie vitufe vya Ctrl na Home wakati wa kuwasha. Siku hizi tunatumia flashi ya USB, na utaratibu ni kama huu:

1. Tafuta modeli kamili ya kompyuta yako, iliyoandikwa katika karatasi ya chini au ya nyuma yake. Usikisie.

2. Kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo nzima, pakua bayosi ya modeli hiyo hiyo kutoka katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, wala si penginepo.

3. Andaa flashi kwa mfumo wa FAT32, na uweke faili kama maelekezo ya mtengenezaji yanavyosema. Jina la faili likikosewa hata herufi moja, kompyuta haitalitambua.

4. Chomeka flashi na waya wa umeme, kisha tumia vitufe vya kampuni husika. Katika kompyuta nyingi za mkononi za HP unashikilia kitufe cha Windows pamoja na B, unabonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 2 au 3, unakiachia, huku ukiendelea kushikilia vile viwili mpaka kioo cha urejeshaji kitokee. Katika kompyuta nyingi za Dell zenye huduma hii unashikilia Ctrl na Esc, kisha unachomeka waya wa chaji.

5. Kazi ikianza, usiguse kitu mpaka iseme imemaliza.

Daraja la nne: kitufe maalumu au chipu ya pili. Baadhi ya mbao kuu za kompyuta za mezani zina kitufe cha nyuma kwa ajili ya kazi hii. Katika mbao za ASUS zenye kitufe hicho, faili hupewa jina linalotakiwa na modeli husika, flashi inachomekwa katika tundu lililowekewa alama, na kitufe kinashikiliwa kama sekunde 3 mpaka taa imemete. Mbao za MSI hutaka faili liitwe MSI.ROM. Ajabu yake ni kwamba kazi hii hufanyika kompyuta ikiwa imezimwa, maadamu umeme umechomekwa, na hata kama prosesa na memori hazimo. Nazo mbao nyingi za Gigabyte zina chipu mbili za bayosi, ya kwanza ikiharibika ya pili hushika nafasi yake.

Daraja la tano: fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu. Ikiwa mlango wa dharura nao umeharibika, chipu inasomwa na kuandikwa moja kwa moja. Fundi anaibana chipu yenye miguu 8 kwa kibanio kilichounganishwa na kifaa kidogo, na kifaa kinaunganishwa na kompyuta nyingine. Kifaa chenyewe si cha bei kubwa, lakini kazi yake inataka ujuzi. Chipu nyingine ni za volti 3.3 na nyingine ni za volti 1.8, na ukiipa ya volti 1.8 umeme wa volti 3.3 unaweza kuiunguza.

Fundi mzuri huisoma chipu mara mbili kabla ya kuiandika, akalinganisha masomo mawili hayo, akahifadhi nakala. Sababu ni kwamba ndani ya chipu, mbali na bayosi, mara nyingi kuna namba ya kompyuta, anuani ya kadi ya mtandao na ufunguo wa Windows. Akiandika faili la mtu mwingine juu yake bila kuhifadhi, kompyuta itawaka lakini vitu hivyo vitakuwa vimepotea.

KUMBUKUMBU ZAKO ZIKO WAPI?

Wazazi na walimu wenzetu, sehemu hii muisome mara mbili. Bayosi ikiharibika, diski haikuguswa. Kama kuna haja ya haraka, kwa mfano matokeo yanatakiwa kesho, diski inaweza kutolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine, na mafaili yakanakiliwa. Kwa hiyo mtu yeyote akikwambia kwamba ili kuponya bayosi lazima diski ifutwe, usimruhusu.

Kuna tahadhari moja. Kompyuta nyingi zenye Windows 10 na 11 diski zake zimefungwa kwa kufuli la BitLocker, pengine bila mwenyewe kujua. Diski hiyo ikihamishwa, au bayosi ikibadilishwa, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Uutafute na kuuandika katika daftari la ofisi leo, kabla ya siku ya haja.

KINGA

Tunajua sote kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, je, amfunge na kumtegemea Allah, au amwache tu na kutegemea? Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kisa hiki kimepokewa na Tirmidhi. Kumfunga ngamia katika jambo letu ni haya:

1. Usisasishe bayosi bila sababu.

2. Nakili mafaili yote muhimu katika diski ya nje kabla ya kuanza, na diski hiyo ikae nyumba nyingine.

3. Kompyuta ya mezani iwe na UPS. Ya mkononi iwe na betri iliyojaa na chaji imechomekwa.

4. Usifanye kazi hiyo siku ya mvua ya radi, wala saa ambazo umeme wenu huwa na tabia ya kukatika.

5. Hakikisha modeli mara mbili, na sitisha kufuli la BitLocker kwa muda.

6. Andaa flashi ya kurejeshea kabla, maana kompyuta ikishazimika huenda usipate nyingine ya kupakulia.

FUNZO KUBWA

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba msafiri mmoja alipigwa na jiwe likampasua kichwa, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamjibu kwamba hawaoni ruhusa kwake, naye maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali, akabainisha kwamba wasiojua walipaswa kuuliza, kwani kuuliza ndiyo tiba ya kutojua. Na katika Suratun Nahl, aya ya 43, tunaamrishwa kuwauliza wenye elimu tunapokuwa hatujui.

Wale wenzake hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kusaidia, lakini walijibu bila ya ujuzi. Hivyo ndivyo zinavyopotea amana nyingi. Mtu mwenye huruma anasema "nipe mimi nijaribu", na baada ya saa moja diski imefutwa. Kijana wetu uliyejifunza kompyuta, neno "hili silijui" halikupunguzii heshima. Litaje, kisha muulize anayejua, kisha ujifunze ili kesho uulizwe wewe. Na ukikabidhiwa kompyuta ya mtu, usifungue picha zake wala barua zake, kwani umepewa uitengeneze, hukupewa uipeleleze.

MASWALI YA ZOEZI

1. Taja tofauti iliyopo kati ya bayosi, mipangilio ya bayosi na kumbukumbu zilizomo katika diski.

2. Kwa nini umeme ukikatika katikati ya kusasisha huiharibu bayosi, lakini ukikatika siku nyingine hauiharibu?

3. Jirani yako amekuletea kompyuta iliyozimika wakati wa kusasishwa. Eleza kwa mpangilio utafanya nini, na utaacha kufanya nini.

4. Fundi amesema lazima afute diski ili airejeshe bayosi. Utamjibu nini, na kwa hoja gani?

5. Pamoja na mzazi wako, tafuteni modeli kamili ya kompyuta iliyopo nyumbani, muiandike katika daftari. Kisha hakikisheni kama kuna nakala ya mafaili yenu nje ya kompyuta hiyo.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie elimu yenye manufaa, atuepushe na haraka isiyo na ujuzi, na atuwezeshe kuzichunga amana za watu kama tunavyopenda zichungwe zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.